Maua ya Kisa Ukumbini Mbugani

Ngana, Kyela

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima huko Songea, wewe, mama mdogo na wadogo zetu. Hapa presha ya Mama imetulia kidogo, na mpunga umeanza kuchanua. Simu yako haipatikani, kwa hiyo barua hii nimempa dereva wa lori la mchele.

Uliondoka kabla maonyesho hayajaisha, acha nikueleze yalivyokwenda. Bi Shamsa alitupa ukumbi wake wa Mbugani bila kodi, na picha za mdogo wangu Kisa zilijaa kutani. Unakumbuka alivyozunguka mabondeni na ufukweni Matema akichuma mimea, akaikausha katikati ya magazeti, kisha akaichora. Ua la kakao lililoota kwenye gome la shina ndilo lililogombewa zaidi. Magugu ya mpunga, yale uliyokuwa ukiyang'oa na kuyalaani, aliyanunua mwalimu mmoja wa Ipyana, akasema hakujua kama yana maua. Picha zote ziliisha. Fedha ya kumpandikiza figo kule Dodoma ilitimia.

Watu bado wanakutaja. Bi Shamsa alipoeleza kwamba mimi na Mama vipimo vimetukataa, ila figo ya baba mzazi imelingana na mwenyewe ameridhia kuitoa, ukumbi mzima ulisimama kukupigia makofi. Ulipunga mkono. Mchungaji alikuombea. Kisa alilia pale kitini, akakushukuru, "Ndaga fijo, Baba." Ukatuambia unatoka kununua soda.

Asubuhi ya safari tulikusubiri stendi mpaka basi likaondoka. Mama mdogo alisema kwenye simu kwamba umelala, baadaye kwamba umesafiri, kisha hakupokea tena. Daktari alituambia hakuna anayelazimishwa, na ni kweli. Ungesema tu hapana. Baba mdogo Lugano alikuwa tayari kupimwa tangu mwanzo, sisi tukamwambia asisumbuke, baba yake Kisa yupo. Tulipomrudia, hali ya Kisa ilikuwa imeshaharibika. Nilimwambia mdogo wangu kwamba una malaria. Hakuniuliza tena.

Kisa amefariki, Baba. Tulimzika Jumamosi, nyuma ya nyumba, kando ya migomba.

Mama aliwaambia waombolezaji kwamba unaumwa, ndiyo maana hukufika. Mimi nilisimama kabla kaburi halijafukiwa nikawaeleza yote, mbele ya mchungaji na ya wale wale waliokupigia makofi. Baba mdogo alinishika mkono ninyamaze, sikunyamaza. Mama hasemi nami tangu siku hiyo. Kwake nitaomba radhi. Kwako sitaomba.

Ukitaka kuliona kaburi, njoo. Mama atakupokea, unamjua. Mimi nitakuwa shambani mpaka uondoke.

Wasalimie wadogo zangu, sina neno nao.

Ni mimi, binti uliyebaki naye,
Atupele