Kadi ya Picha Niliyoipiga Tupa

Mwanangu Mbazi,

Watu huanza barua kwa kusema mimi mzima, hofu ni juu yako. Mimi naanza kinyume. Juu yako sina hofu tena, mchungaji alisema umepumzika. Hofu ilikuwa huku Same, sebuleni, juu ya meza yako, na mama yako aliifunika kitambaa.

Naandika kwa mkono wangu, usidhani nimemtafuta mtu. Kwenye kisomo cha watu wazima kule mashamba ya mkonge nilikuwa wa kwanza, mwalimu akasema mwandiko wangu ni wa karani. Sijaandika sana tangu hapo, lakini mkono wa karani hauozi.

Tangu ile homa uliyorudi nayo kutoka kwenye harusi kule Ndungu, tukakupandisha Kighare kukulaza karibu na babu yako, mambo yamegeuka. Chumba chako cha video pale stendi sasa kinauza nguo za mitumba. Kompyuta yako niliifuata mwenyewe, nikaibeba kichwani mchana kweupe. Vijana wakacheka, "Mzee, na wewe umeingia utandawazi?" Nikawaambia mimi nilikuwa nafunga mashine za mkonge wakati baba zenu hawajui kufunga vifungo vya shati.

Nilikuwa nataka uso wako tu. Picha yako tuliyo nayo ni ile ndogo ya kitambulisho, umekunja sura kama mtu aliyenyimwa chakula, na mvua imeingia kwenye fremu ikala shavu moja. Nikakumbuka harusi ya dada yako imo ndani ya kompyuta, na siku ile ulicheka sana. Nikasema nitamwona anacheka.

Akaja Namsifu, yule binti wa Usangi uliyemfundisha kazi, akaiwasha. Kioo kikajaa mistari kama kanga iliyopauka. Akaitafuta harusi akaibonyeza. Kioo kikawa cheusi tii. Halafu, Mbazi, ukasema.

"Baba, geuka huku."

Mama yako alitoka mbio na mwiko mkononi. Akanifokea toka uani, "Mtu akizikwa aachwe! Usimfungie kwenye boksi!" Nikamjibu kwamba wazee wetu Ugweno walikuwa wakienda kaburini baada ya miaka, wakachukua kichwa cha mzee wao, wakakiweka kwenye chungu chini ya mwamba akae na watu wake, na hawakuwa wajinga. Akasema, "Hayo mtoto alimfanyia baba yake. Wewe unafanya kinyume." Nikaizima, yeye akaifunika kitambaa.

Toka hapo ukaanza kuniita hata kompyuta ikiwa imezimwa. Nanyoa ndevu, geuka huku. Nafunga mbuzi, baba, geuka huku. Nageuka, nakuta kuku tu. Mama yako akiniona nimegeuka anaangalia pembeni.

Namsifu alisema, "Baba, mashine nzima, iliyokufa ni kadi ya picha, ile inayoleta picha kwenye kioo. Ni kitu cha bei nafuu, ya mtumba inatosha. Niachie nikutafutie." Nikamwambia kipuri sijawahi kutafutiwa. Nikapanda basi hadi Moshi, kwenye duka wanakorundika kompyuta zilizotumika Ulaya kama maboga. Nikazipima zile kadi mkononi moja moja. Nikachukua nzito kuliko zote, ina feni, ina mabati. Muuzaji akauliza, "Mzee, kompyuta yako ni ya zamani? Ina tundu la namna gani?" Nikamwambia tundu ni tundu. Akacheka, akasema, "Shikamoo, fundi mkuu." Nikaitikia marahaba.

Haikuingia.

Wewe unajua tulivyoishi miaka ile ya shida, nchi haina kipuri hata kimoja. Beringi ya trekta niliiingiza mimi kwenye mashine ya mkonge, nikaichonga mpaka ikakubali, kiwanda kizima kikaunguruma. Sasa kikadi kinishinde? Nikachukua tupa. Nikayapiga yale meno yake ya dhahabu mpaka yakaingia. Nikawasha. Ikanuka kama nywele zilizoungua. Kimya. Mistari hamna. Na sauti hamna.

Uani nako hukuniita tena. Nilikwenda kufunga mbuzi nikasimama nasikiliza, wapi. Mbazi, nilikuwa nakuogopa ukiniita, lakini kile kimya, hapana. Nikajua nimekuzika mara ya pili, na safari hii bila mchungaji.

Namsifu alipofungua na kuona vumbi la tupa alikaa chini kwanza. Akakagua, akasema, "Imeungua pawa saplai, kile kisanduku cha kuigawia umeme, diski imepona. Lakini baba, kadi hainunuliwi kwa uzito. Unaangalia tundu la mashine yako, unaangalia kama umeme wake utaitosha, halafu unaijaribu dukani kabla hujalipa. Hii hata ingeingia bila tupa, ingekula umeme wote." Akaleta pawa saplai ya mtumba na kikadi chepesi kama biskuti, hakina feni, kimetolewa kwenye kompyuta mbovu ya zamani kama yako. Bei yake haifiki hata nusu ya lile zigo langu. Kiliingia chenyewe. Skrubu nilikaza mimi lakini.

Tukaona, mwanangu. Dada yako na shela yake. Mama yako anacheza. Wakwe wote. Nikasubiri uso wako mpaka mwisho, haupo. Mjinga mimi, kamera si ilikuwa begani kwako!

Ila uliyempiga picha kuliko bibi harusi ni mimi. Nawasimulia wakwe habari za ile beringi, mkono juu, na wewe umesimama, huondoki. "Baba, geuka huku." Sigeuki, hadithi haijaisha. Unacheka, picha inatikisika. Jua liko nyuma yako, kivuli chako kimelala chini, kamera begani kama umebeba mtoto, na kichwa cha kivuli kimenifika viatuni. Mama yako alikuwa mlangoni. Aliingia, akakigusa kivuli chako pale kwenye kioo. Hajakifunika kitambaa tena.

Basi lala, mwanangu. Kompyuta haiuzwi, na tupa nimempa Namsifu aifiche. Nitapanda Kighare kupalilia kaburi lako, nitasimama jua likiwa nyuma yangu, na mimi kivuli changu kikufikie. Umeanza kuniita tena, jana nikiwa na mbuzi. Endelea tu. Nikiwa katikati ya hadithi yoyote, hata ya beringi, nitaiacha hapo hapo nigeuke.

Ni mimi baba yako, fundi.