Madoa kwa Wimbi ya Truphena

Jumatatu, 6 Mei 2024
Leo nimeona madoa kwa wimbi, huu ulezi wangu wa uji. Kahawia, madogo kama punje ya haradali, kila jani! Na hii ni mbegu ya marehemu mke wangu Truphena. Aliichagua kwa mkono wake miaka thelathini, hapa kwetu Paya nzima hakuna mwingine anayo. Ya ghalani panya walimaliza. Iliyobaki ni hii ya shambani, basi. Jirani Ofumbi amepita, akacheka: Opendi, wimbi yako imepata surua, ipeleke hospitali! Yake, ya mbegu ya dukani, ni kijani tupu. Ananicheka mimi! Mimi niliyelima ekari mbili peke yangu na umri wa miaka sitini!

Jumanne, 7 Mei
Nimeng'oa. Mistari mitatu. Dawa ya ugonjwa ni kung'oa, nilijua hivyo tangu nikifanya kazi reli, nilipoandika vizuri kuliko karani. Loy, mke wa mwanangu, akakamata jembe: Baba, ngoja kwanza bwana shamba aone. Nikamwambia bwana ni mimi na shamba ni langu. Hakuachia. Huyo mwanamke ana mikono! Nimeacha — mgongo uliuma tu, si kushindwa.

Alhamisi, 9 Mei
Bwana shamba kumbe ni msichana! Becky, gambuti mpaka magoti. Nilitaka kumfukuza. Akapiga magoti kwa matope, akageuza jani, akacheka. Mzee, nani alikwambia hii inaumwa? Hii inapigana!

Nilivyoelewa: ukungu ukigusa jani, jani linautambua, kama mbwa na mgeni. Linajiua pale pale, kipande cha doa tu, ukungu ukose chakula. Kama sisi tunavyochoma nyasi kuzunguka boma kiangazi, moto ukija ukute majivu. Halafu linaambia majani mengine: jiwekeni tayari. Bila macho! Bila mdomo!

Na ya Ofumbi? Becky akatazama ng'ambo ya ua, hakucheka tena. Pengine ukungu umeingia kule pia, anasema, ila ile mbegu haimjui adui. Ndiyo maana imenyamaza.

Kwa hiyo mistari yangu mitatu ilikuwa mizima. Nimelia kidogo. Moshi tu wa jikoni.

Jumatano, 15 Mei
Mabaka kwa Ofumbi. Makubwa, katikati kijivu. Sijacheka. Nimecheka mara moja tu.

Ijumaa, 28 Juni
Wimbi ya Ofumbi shingo nyeusi, vichwa vitupu. Yangu imejaa, inainama! Asante Mungu. Asante Truphena. Nimelala vizuri wiki nzima kama mtoto. Kanisani nimewaambia wote kwamba madoa niliyatambua siku ya kwanza. Loy aliangalia viatu vyake.

Jumamosi, 13 Julai
Tunavuna. Ofumbi amekuja na kikapu kitupu, amevua kofia. Hajawahi kunivulia kofia! Anasema: ndugu yangu, nigawie mbegu kidogo. Na nifundishe — wewe ulijuaje usiing'oe?

Loy amesimama na kisu cha kuvunia, ananitazama.

Nikasema ngoja, naleta mbegu. Sasa niko ndani, naandika. Mbegu iko hapa mkononi, ile nzuri kabisa, nitampa, Truphena angempa. Ni hilo swali tu. Ofumbi anaita tena. Na Loy huko nje anakohoa —