Mkono wa Heshima

Jumatatu, Bungoma

Kano ya kidole imekatika. Wiki tano za kufunga mkono, halafu imekatika kwa kusalimiana.

Leo kule Kitale daktari ameniambia nikunje kidole cha shahada. Kimekaa tu kama kijiti. Ile kano aliitoa kwenye mkono wangu mwenyewe, akaipandikiza pale panga liliponikata. "Mama, si nilikukataza kufungua bandeji?"

Jana baada ya ibada tulipanga mstari nje ya kanisa, tukisalimiana kama kawaida. Nikampa baba mkubwa wa mume wangu mkono wa kushoto. Akaukataa mbele ya watu wote. "Ati kushoto? Mimi ni mtoto? Lete mkono ya heshima, bana."

Nikaona haya, nikafungua bandeji. Akaukamua mkono wangu kama chuchu ya ng'ombe, akiuliza habari za mahindi. Nikasikia kitu kimeachia ndani.

Nina hasira naye. Zaidi nina hasira na mimi, mtu mzima nisiyeweza kusema hapana. Bila hicho kidole sishiki mkasi, na fundi bila mkasi…

Jioni baba mkubwa amempigia mume wangu simu. Mkono hakuuliza. Ameuliza ile suti aliyoniletea nimshonee kabla sijaumia itakuwa tayari lini.