Mustari Nyuma ya Ganza

Patricie, unakumbuka siku jirani yetu Gasaro alituuliza: "Kama hakuna anayekusemea, utapanga mustari nyuma ya nani?" Tulicheka. Leo sicheki.

Uchaguzi wa mkuu wa umudugudu, kijiji chetu, umefanyika leo asubuhi. Ni ule wa kusimama nyuma ya muntu wako, batu bote wakikuona. Walikuwa wawili: Rutayisire na Ganza wangu. Mtoto wa tumbo langu, Patricie!

Na bote wawili wameapa kufukuza bamama wanaouza avoka kando ya barabara. Mimi na wewe! Ganza anasema ni usafi. Usafi! Avoka ndizo zilimusomesha.

Nikabaki katikati ya uwanja, rozari mkononi. Ganza akaita: "Maman, njoo!" Miguu ikakataa. Mama mumoja akapiga kelele: "Huyu anamuchagua Bikira Maria!" Wakacheka bote, isipokuwa mtoto wangu.

Wakahesabu. Ganza ameshindwa kwa muntu mumoja. Muntu mumoja, Patricie! Batu bote wakageuka kuniangalia.

Na Rutayisire atatufukuza vilevile. Sasa nimesaidia nini? Nimeomba, Mungu amenyamaza.

Nyumbani nilimuwekea Ganza bugali na sambaza, wale samaki wadogo. Hakugusa.

"Maman, ulikuwa unataka nini?"

"Muntu wa kunisemea."

"Si ningekusemea nikishaingia ofisini?"

"Mbona hukusema pale, mbele ya batu?"

Ganza akaweka ufunguo wake wa nyumba yetu kando ya sahani, akatoka.