Mkono Unaoishika Barua Hii

Ladywood, Birmingham

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Pokea salamu zangu pamoja na za mjukuu wako Nasra, ambaye amekataa kuandika mstari wake mwenyewe kwa kuwa Kiswahili anakisikia lakini kalamu inamshinda. Miili yetu ni mizima. Macho yako je, Mama? Ule ukungu umezidi, au dawa ya matone inakupa nafuu kidogo? Na goti? Joto la hapo Mombasa limepungua, au bado mnalala madirisha wazi?

Najua barua hii anakusomea Saumu, maana siku hizi yeye ndiye macho yako. Saumu dada yangu, hujambo. Soma kwa ile sauti yako nzuri iliyokuwa ikisifiwa chuoni, wala usikimbilie.

Mama, usishangae kupata karatasi badala ya simu. Simu yako anaishika Saumu. Ujumbe wangu wa sauti anaufungua Saumu. Nikipiga naambiwa umelala, hata kama ni saa ya chakula cha mchana. Basi nimeandika, na nakala ya pili nimempelekea Mwalimu Zena, jirani yetu wa ukuta mmoja, nikamwomba aje na miwani yake, akae nanyi barazani, afuatishe kwa kidole. Mwalimu, ahsante kwa kuja. Msomaji akiruka neno, wewe kohoa tu.

Mara ya mwisho tulipozungumza uliniambia, "Ulikosa nini Mwanaisha, hata ukaibe? Heri babako hayupo." Kisha simu ikakatika, au ikakatwa. Maneno hayo nimelala nayo na kuamka nayo. Leo nataka nikueleze jambo lenyewe lilivyokuwa, kutoka mwanzo, bila mtu kunisemea.

Unajua nilikuwa nafanya kazi Harborne, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Ni kazi ya kumgeuza mtu mzima kitandani, kumwosha, kumlisha, na mgongo wangu ulikuwa umeanza kunidai. Nikaomba kazi nyingine, ya kusindikiza watoto walemavu kwenye basi la shule. Nilipendwa, nikakubaliwa, ikabaki jambo moja tu: hapa huruhusiwi kukaribia watoto mpaka kije cheti kinachosema kama umewahi kuhukumiwa. Mimi nikacheka. Nani atamtafutia makosa binti wa Athumani?

Cheti kikaja kwa posta. Nilikifungua jikoni, viatu bado viko miguuni. Jina ni langu. Tarehe ya kuzaliwa ni yangu. Anwani ni ya nyumba yangu. Na chini yake: wizi wa manukato dukani, amekiri, amehukumiwa faini.

Nasra akakisoma begani mwangu. Akasema, "Mum, is this you?" Mama, mtoto niliyemzaa mwenyewe aliniuliza kama mwizi huyo ni mimi.

Kazi ya basi wakaisimamisha. Wa Harborne nao waliposikia wakaniambia nikae nyumbani kwanza mpaka mambo yaeleweke. Mimi ambaye sijawahi kuchukua hata peremende ya mzee. Nikakupigia nikilia, na simu ilikuwa imewekwa sauti ya juu, nikamsikia Saumu pembeni akisema, "Maskini, Mwanaisha!" Haikupita wiki, mtaa mzima una habari. Shangazi Mwanamisi, dada yake Baba, akaniandikia nisithubutu kukanyaga kwake mpaka niirudishe heshima ya ukoo. Nilijiuliza nani amekuwa mwepesi hivyo wa kunitangaza, na kwa faida gani.

Aliyenifungua macho ni Mama Grâce, mwenzangu wa kazini, Mkongomani anayeishi Stechford. Nilikwenda kwake nikiwa sina pa kulilia. Akaniwekea chai, akasema, "Weye unalia tu, Mwanaisha. Mimi niko na ndugu Amerika. Kule kila county iko na tribunal yake. Unaingia ku site yao, unaandika jina ya muntu, makosa yake yote inatoka, date, juge, byote! Ule ndugu alichunguza muchumba wa binti yake vile, ndoa ikakufa palepale."

"Na hapa?"

"Hapa haiko vile. Hapa banaficha. Lakini tribunal iko na milango, non? Enda uulize."

Nikaenda. Mahakama iko katikati ya mji, naifikia kwa miguu. Wakanipekua mkoba, nikasimama kwenye dawati la maelezo, na hapo nikamkuta mzee mmoja wa Kihindi, amejifunga kilemba cha Kisingasinga. Alipoliona jina langu kwenye cheti akaniangalia vizuri. "Wewe natoka Mombasa? Mimi zaliwa Kisumu, bibi! Sema, shida gani?"

Nikamwambia yote. Akanieleza pole pole, huku watu wanapanga foleni nyuma yangu. Kesi hapa husikilizwa wazi, mtu yeyote anaweza kuingia akakaa nyuma akasikiliza. Majina ya wanaoshtakiwa siku hiyo hubandikwa. Ukitaka kujua kesi ya zamani iliishaje, unaiandikia ofisi ya mahakama, unataja jina na siku na kosa, wakiona inafaa wanakujibu. Lakini faili la polisi, lenye mambo yote ya mtu, hapewi mtu mwingine. Anapewa mwenyewe tu.

"Sasa mimi nitalipataje?" nikamuuliza.

Akapiga meza. "Mama, karatasi nasema mwizi ni wewe, si ndiyo? Basi wewe ndiyo mwenyewe! Omba faili yako. Lazima wape wewe yote."

Nilicheka, Mama, kwa mara ya kwanza tangu balaa hilo. Aliyeniibia jina alikuwa ameniachia na ufunguo.

Kabla ya kutoka niliingia kwenye chumba kimoja cha kesi, nikakaa nyuma. Akasimamishwa msichana, akaambiwa ataje jina lake. Akalitaja, wakaliandika, basi. Hakuna aliyemuuliza kama kweli ni lake. Moyoni nikamwona mwingine amesimama pale pale, amenyoosha shingo, anatamka jina alilonipa Baba. Nikatoka nje kwenye baridi, koti langu liko wazi.

Faili lilichukua muda, likaja. Saumu, hapa soma taratibu, Mama asikose kitu.

Huyo mwizi alikamatwa siku ya pili baada ya kumzika Baba. Mama, siku ile mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa chumbani kwako, kichwa chako kiko mapajani mwangu, unaniambia nisiondoke. Pasipoti yangu ina mhuri wa kuingia Kenya na mhuri wa kutoka. Nasra nilikuwa naye. Nilikaa mpaka arubaini ya Baba, na kesi ilisikilizwa na kuisha kabla sijarudi.

Nyumbani kwangu Ladywood alibaki mtu mmoja tu. Alikuwa amekuja kusoma, nikampa chumba, nikampa funguo, nikampa koti langu zito kwa kuwa lake halikuwa la baridi ya huku. Hakuweza kuja mazishini, alisema ana mitihani. Mnakumbuka alivyolia kwenye simu, wanawake wote waliokaa mkekani wakalia naye? Barua za mahakama zilizokuja kwa jina langu aliziokota yeye mlangoni, kisha baadaye akakatiza masomo akarudi huko kwako. Mtu huyo ni Saumu, mtoto wa marehemu mama mkubwa, uliyemlea ziwa moja nami.

Mwalimu Zena, bado yuko kwenye mstari? Ahsante.

Nataka niseme wazi ninavyojisikia. Sijasamehe, wala sina haraka ya kusamehe. Wizi wenyewe ningeumeza: msichana, ugenini, tamaa imempanda. Hata kulitaja jina langu kwa hofu, pengine siku moja ningelielewa. Lakini kukaa kando yako, akakusikia ukinikana, akakumiminia chai, akasema "maskini Mwanaisha", kisha akatoka akanitangaza nyumba kwa nyumba ili mtu asije akauliza zaidi! Hilo, Saumu, nimekuwekea. Na ule mkoba mweusi wa ngozi aliokuletea, Mama, unaoutembeza harusini, mimi sisemi kitu.

Nilikwenda polisi nikawapa vidole vyangu kumi. Wakavilinganisha na vya aliyekamatwa, wakaona si mimi. Cheti kipya kimetoka, cheupe. Jumatatu naanza kazi ya basi. Wa Harborne wameniomba radhi kwa keki, nikaila, lakini sirudi.

Afisa aliyenihudumia akaniuliza kama namjua mtu huyo. Yaelekea ungetaka nifikirie kwanza undugu, Mama. Sikufikiria. Nilimpa majina yake matatu, nikamwandikia herufi moja moja asije akakosea, na nikampa picha yake amevaa koti langu. Mwezi uliopita ulinitumia maneno kwamba anataka kurudi huku amalizie masomo, nimwandikie mwaliko. Mwaliko sitaandika. Lakini akipata njia yake mwenyewe, aje tu. Vidole vyake vimetangulia kufika.

Nisalimie Ami, mdogo wake Baba, ndiye peke yake aliyeniambia "nitaamini nikiona". Mwambie aje asome faili, nimeambatanisha nakala. Nisalimie mpishi wetu wa mahamri wa kona, aliyemwambia Saumu usoni kwamba umbea hauliwi. Shangazi Mwanamisi mpelekeeni salamu na ujumbe kwamba heshima ya ukoo nimeirudisha, sasa aje aipokee kwa mikono miwili na aniandikie radhi kwa mkono wake.

Nakujua, Mama. Utasema kichwani mwako, labda ni mwingine, labda ni jini mtu, Saumu wangu hawezi. Basi kuna kitu kimoja nimekibakisha. Hapa polisi wakikukamata wanaandika alama zilizo mwilini mwako. Wameandika hivi: kovu la moto, mkono wa kulia, upande wa ndani, linaanzia kwenye kifundo na kupanda kuelekea kiwiko.

Unaikumbuka siku ya kuamkia Idi, alipoangusha karai la mafuta ya kaimati? Ulimpaka asali, ukamlaza kifuani mwako, ukakesha unampepea na kumwimbia, nami niliyepigwa kwa kutomwangalia nikalala chini. Macho yako hayaoni vizuri sasa, lakini vidole vyako vinalijua kovu hilo kuliko daktari yeyote.

Uko karibu naye. Nyosha mkono wako, Mama, uushike mkono unaoishika barua hii. Upapase, upande wa ndani, kuanzia kifundo. Usiuache.

Kisha mwambie asome jina lililo hapa chini, kwa sauti, mbele yenu nyote, kama alivyolitamka kule mahakamani.

Ni mimi mwanao,

Mwanaisha Athumani Bakari