Chungu cha Samaki Kwenye Shina la Asumini

Alhamisi, baada ya alasiri. Jua la leo halina haya. Ardhi ya Keko imepasuka kama visigino vyangu, na mie nimekaa barazani na daftari, sina hamu hata ya tumbaku.

Asumini imekufa.

Nimeikwaruza gome kwa ukucha toka juu mpaka shinani. Kahawia kila mahali. Nimevunja tawi, likakatika ka! kama njiti ya ufagio.

Ilikuwa ya mke wangu, Mama Zuhura. Tawi lake alilichukua nyumbani kwa marehemu mama yake siku walipokuja kubomoa. Kiwanja kile sasa ni ghala, sakafu ya saruji, huwezi kujua kama palikuwa na watu. Kilichobaki cha mama yake kilikuwa asumini hii tu. Jioni alikuwa akichuma vitumba, anavitunga, anavaa, halafu anatazama upande wa kiwanja kile. Nilikuwa najua anamfikiria nani.

Kesho anarudi. Alikwenda Kisarawe kwa binti yetu aliyejifungua, amekaa arobaini yote. Kabla ya kwenda kupanda lori aliniambia: "Baba Zuhura, kila asubuhi kata mbili za maji shinani. Basi. Usinifanyie ufundi wako."

Ufundi wangu! Miaka tisa nimetunza bustani ya mzungu kule Uzunguni. Hakuna mtu Keko hii anayejua maji kama mie. Yule mzungu alikuwa na mitungi ya udongo imefukiwa katikati ya mawaridi, midomo tu nje. Unajaza, unafunika, mtungi unatoa jasho polepole, mizizi inakunywa yenyewe. Na mjazaji nilikuwa mie. Sasa mtu kama mie nipange foleni bombani kila alfajiri na kina mama, kwa ajili ya kata mbili?

Nikachukua chungu chake kikuukuu cha kupikia samaki. Kinene, hakina ufa. Akaniona, akacheka na kifurushi chake kichwani. "Hicho hakivuji! Kimekunywa tui tangu Zuhura anatambaa. Chungu kipya twakichemshia nazi makusudi kisivuje, hujui wewe?" Nikamwambia aende zake, mambo ya jikoni na mambo ya bustani ni mbalimbali.

Alipoondoka nikachimba. Nilikata mizizi mitatu minene, nikasema itaota mingine. Nikafukia chungu, nikajaza, nikafunika kwa kigae. Halafu nikauita mtaa mzima.

Walikuja. Mafundi seremala wa ng'ambo ya njia waliacha randa zao, hata yule aliyerudi kutoka vita vya Burma na mguu mmoja alijikongoja. Nikawaeleza mpaka sauti ikanikauka.

Siku ya nne akapita Yohana, karani wa bohari, kijana wa bara aliyepanga nyumba ya pili. Akainama akachungulia. "Shikamoo mzee. Mbona maji hayajapungua hata kidole?"

"Marahaba. Ndiyo akili yenyewe hiyo! Mti unakunywa kwa adabu, si kama nyie mnaomwaga madebe."

"Lakini majani yamelegea, mzee."

"Wee umeshuka kwenye treni juzi, leo unifundishe mie maji?"

Akasema samahani, akaenda zake. Na mie, Mungu ananiona, nilifurahi. Kila asubuhi nafunua kigae, nakuta maji tele, najisifu.

Majani yakageuka manjano, nikasema ni sisimizi. Yakapukutika, nikasema ni kijicho cha majirani. Kata ilikuwa inaning'inia pale pale mlangoni. Sikuishika. Kuishika kungekuwa kukiri mbele ya mafundi wale kwamba mke wangu alisema kweli.

Hilo ndilo lililoua mti. Si jua.

Leo nimefukua. Chungu kizima, maji ndani yana utando wa mafuta, na udongo uliokuwa ukikigusa umekauka umekuwa unga. Hata unyevu wa mate hauna.

Nimefikiria kusema imeliwa na mbuzi. Mbuzi wa nani? Na mtaa wote nimeuita mwenyewe uje kutazama. Mafundi wanaona. Leo wananitupia jicho, wanarudi kwenye mbao zao. Hawacheki. Ningependa wacheke.

Asumini ziko tele, naweza kuomba tawi kwa yeyote nikachomeka pale pale. Ataijua. Na hata asipoijua, mie nitaijua, kila jioni akizivaa.

Kesho nitampokea lori linaposimama, nimchukulie kifurushi, nimwambie njiani kabla hajafika uani. Nimejaribu kuyaandika maneno nione yanavyokaa:

Asumini ya mama yako nimeiua mie. Uliniambia, nikakataa.

Miaka zaidi ya thelathini ya ndoa sijapata kumwambia neno la namna hiyo, hata kwa jambo dogo. Kuandika nimeweza, ingawa kalamu imechana karatasi mara mbili.

Kinywa je, kitaweza?