Kodi ya Mwaka Ambao Maren Hakuwa Wetu

Chadron, Nebraska
20 Aprili 2024

Mpendwa Dada Rosalyn,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini goti lako limepata nafuu, na kwamba barafu ya huko Fairbanks imeanza kukuachia njia ya kufika kwenye sanduku lako la barua. Sisi hatujambo. Nadine alisumbuliwa na kikohozi Machi nzima, mpaka majirani wakawa wanamsikia, lakini sasa analala vizuri. Maren ni mzima. Amepoteza meno mawili ya juu kwa wiki moja na anajivunia pengo lake kama amelinunua.

Barua yako nimeipata. Unauliza kwa nini nimekuwa kimya tangu Krismasi, na kama unaweza kuja Juni kumwona mtoto. Nitakujibu yote mawili. Nianze na kimya changu, maana nadhani hujui ulichotufanyia. Au unajua, na hapo itakuwa mbaya zaidi.

Jumatatu iliyopita nilipeleka hundi ya kodi. Sikuandikii ili uilipe, na ukituma chochote nitakirudisha. Nataka tu ujue ilitoka wapi.

Februari ya mwaka jana nilikwenda kwa Bi Ardith, yule karani wa mishahara hapa ghalani kwetu, kuuliza kuhusu bima ya mtoto. Akaniuliza shauri letu la kumwasili Maren, awe mtoto wetu kisheria, limefika wapi. Nikamwambia tunatarajia kumaliza kabla ya mwaka kuisha.

"Sasa mbona unakatwa kodi yote hii?" akasema. "Anayeasili mtoto serikali inampunguzia kodi. Wewe unawaachia hela zako kila mshahara, halafu uje kuzidai mwakani. Jaza fomu mpya wakate kidogo, hela ukae nazo mwenyewe."

"Na shauri lisipokwisha mwaka huu?"

"Hapo utakuja kunililia hapa hapa dirishani, Lowell. Kwa mtoto kama wenu, anayetoka mikononi mwa serikali, nafuu inahesabiwa mwaka ule hakimu anapotia sahihi. Akisaini Januari, kodi ya mwaka huu utaitoa mfukoni."

Alinionya, kwa hiyo simlaumu. Lakini nilikuwa na haki ya kutumaini. Shelby, binti yako mwenyewe, mahakama ilikuwa imeshamwondolea haki zake juu ya mtoto. Hakuna ndugu mwingine aliyejitokeza, miaka minne tangu Maren aje kwetu. Nikajaza fomu. Agosti tukapewa tarehe, 16 Novemba, na Nadine akaiandika ukutani kwa penseli, pale tunapopimia urefu wa Maren.

Zile hela zilizobaki kwenye mshahara hatukuzichezea. Unajua Maren hasikii kwa sikio la kushoto? Nauliza kwa dhati, sikumbuki kama uliwahi kuambiwa. Maneno yalikuwa yanamtoka nusu nusu na watoto shuleni walikuwa wanamwiga. Tulipata mwalimu wa matamshi kule Scottsbluff, kila Alhamisi, na Nadine akaacha zamu mbili za jikoni pale kwenye nyumba ya wazee ili awe anampeleka. Kufikia Oktoba mtoto alisimama darasani akasoma ukurasa mzima. Alirudi nyumbani akatusomea tena, mara tatu, chakula kinapoa.

Ndipo barua yako ikafika mahakamani, siku saba kabla ya ile tarehe ya ukutani. Kwamba wewe ndiye bibi yake mzaa mama, na unamtaka.

Nilikupigia siku ileile. Nadhani unakumbuka tulivyosemezana.

"Dada, unafanya nini?"

"Nafanya ambacho bibi yeyote angefanya. Shelby kanipigia analia, niache mwanawe akachukuliwe?"

"Achukuliwe na nani? Mimi ni mdogo wako!"

"Basi kama ni mdogo wangu usinihoji, Lowell. Viatu vyako nilikuwa nakufungia mimi."

Ukakata simu. Hakimu naye hakuwa na la kufanya. Bibi akiomba, lazima asikilizwe. Shauri likasogezwa mpaka 25 Januari.

Afisa wa ustawi wa watoto alikuja nyumbani kumweleza Maren, maana ndivyo sheria inavyotaka. Alikaa naye pale kwenye kochi, sisi tumesimama mlangoni kama wageni. Maren alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kitu kimoja tu.

"Alaska kuna shule?"

Tangu kiangazi alikuwa amejaribu kuniita baba. Alianza kama utani, "Baba, nipe pilipili," halafu anajificha nyuma ya glasi kuona nitafanyaje. Mimi nampa tu pilipili, nisimtishe. Baadaye likawa neno la kawaida. Usiku wa siku ile aliyokuja afisa, wakati wa kwenda kulala, akasema, "Usiku mwema, Babu Lowell." Nadine aliingia bafuni akafungulia maji.

Krismasi ukamtumia koti. Zuri sana, la manyoya. Rosalyn, mtoto ana miaka minane. Koti lile ni la mtoto wa miaka minne, mikono inaishia kwenye kiwiko. Alilivaa hivyo hivyo siku nzima, kwa sababu alidhani ukisikia halikumpendeza utakasirika, na ni wewe unayekuja kumchukua.

Tarehe tatu Januari mwanasheria wako akaandika mistari mitatu kwamba umejitoa. Hukunipigia. Nilikutafuta mimi, ukaniambia ulikuwa hujui kwamba ungetakiwa kuja kukaa huku miezi kadhaa ukikaguliwa, na magoti yako hayataki. Ni hayo tu. Wiki nane tulikula bila kuangaliana, na wewe hukuwa umeuliza hata masharti.

Kwa hiyo mwaka ukapinduka na Maren hakuwa wetu. Kodi tuliyodhani imefutwa ikatudai yote kwa mkupuo. Nilirudi kwa Bi Ardith kubadilisha fomu, na hakunikumbusha alichoniambia. Alinipa kalamu tu, akaangalia dirishani. Nadine amerudi kwenye zamu zake, mimi nafanya kazi Jumamosi, na Alhamisi za Scottsbluff zimesimama. Najua nafuu yetu itahesabiwa mwakani. Hela itarudi. Lakini wiki iliyopita mwalimu wake ameniambia ameacha tena kunyoosha mkono darasani.

Tarehe 25 Januari tulikwenda mahakamani. Hakimu ni mama mtu mzima, mpole. Akamwita Maren mbele, akamweleza kwamba akitia sahihi, sisi ni wazazi wake siku zote, na akamuuliza kama ana swali.

"Kuna mtu mwingine ataandika barua?"

Hakimu alivua miwani. "Hapana, mwanangu. Hakuna tena."

Akasaini. Watu wakapiga makofi, hata askari wa mlangoni. Maren akawaangalia wote mmoja mmoja, kama anayewahesabu.

Nisalimie shemeji Orrin, mwambie ule msumeno alioniachia bado unafanya kazi. Msalimie Shelby ukimpata. Sina kinyongo naye, alikuwa mgonjwa na alilia kwa mama yake. Nadine anakusalimu. Aliniambia niandike hivyo, nami naandika. Mungu akulinde na akupe afya na watu wa kukaa nao karibu.

Kuhusu Juni: njoo. Wewe ni damu yake, na sitamfungia mtoto mlango wa bibi yake kwa sababu ya hasira zangu. Chumba cha nyuma kipo. Ila nunua tiketi ya kurudi kabla hujatoka huko. Ukifika, kabla hujamkumbatia, kabla hujafungua zawadi, itoe hiyo tiketi mkobani umwonyeshe. Aisome mwenyewe, anajua kusoma. Aone kwamba ni ya mtu mmoja.

Mdogo wako, ambaye bado ni wako,
Lowell